Nimemsikia dada anayejirekodi chumbani, sasa nimekwama: studio au nyumbani?

Nyuzi_Sita, Umoja

Wadau wa muziki, nawasalimu. Naomba ushauri, mnivumilie kwa maelezo marefu kidogo.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinirushia kwenye simu nyimbo sita za dada mmoja ambaye hana bendi wala meneja. Ni gita moja na sauti moja, anajirekodi mwenyewe chumbani. Nilizisikiliza kwenye matatu nikitoka mjini, nikapitiliza stegi yangu. Wimbo wa tatu ndio ulionimaliza. Katikati ya ubeti wa pili unasikia mvua ikianza kwenye mabati, tone moja moja, halafu inashuka kwa kishindo. Dada ananyamaza. Kidole gumba hakinyamazi, kinaendelea na besi, dum-dum, dum-dum, mpaka mvua ipungue, ndipo anarudi na mstari uleule aliouachia njiani. Hakuukata. Ameuacha hivyo hivyo.

Nauliza kwa sababu mimi pia naandika. Nina nyimbo tano za Kiswahili, na nimepiga gita la nyuzi za nailoni tangu shule ya upili. Mwaka jana nilipeleka wimbo mmoja studio, sitaitaja. Niliimba saa moja, nikaambiwa niende nyumbani. Nilipoitwa kusikiliza, gita langu lilikuwa limeondolewa, zimewekwa ngoma za kompyuta na kinanda, na sauti yangu imenyooshwa mpaka mama yangu akauliza ni nani huyo anaimba. Nikalipa, nikaondoka. Faili zenyewe sijapewa hadi leo.

Sasa nina akiba ya shilingi 30,000. Nakaa chumba kimoja kwenye ploti, juu kabisa, chini ya mabati. Friji ya jirani inanguruma ng'ambo ya ukuta wangu, na matatu zinapita hapo chini. Nitafute studio nyingine au ninunue vifaa? Na ule upigaji wa yule dada, gumba na kidole cha shahada, umetoka wapi? Nataka kuujua mzizi wake, sitaki kumuiga tu.

Mchanganya_Sauti

Dada, pole kwa yaliyokupata. Hata hivyo mimi nasema studio. Ukimaliza hela kwenye vifaa utakaa mwaka mzima ukijifunza kuvitumia, na nyimbo zinakungoja. Kosa lilikuwa kuingia bila makubaliano. Safari hii, kabla hujatoa hata shilingi, mwambie fundi akupigie kazi moja aliyorekodi ya gita na sauti peke yake. Kama hana, toka. Kama anayo na imekupendeza, andikeni kwenye karatasi: hakiongezwi chombo bila ruhusa yako, na siku ya kumaliza unaondoka na faili ghafi zote kwenye diski yako.

Mzee wa Santuri

Mwanangu, hicho kidole gumba nakijua tangu utotoni. Kwetu Magharibi mwa Kenya mtindo huo unaitwa omutibo, na jina linalotajwa kwanza ni George Mukabi, aliyefariki 1963. Gumba linashika besi, kidole cha shahada kinachezea nyuzi za juu, na asiyeona mpigaji anadhani magita ni mawili. Pembeni anakaa mwenzake na chupa ya Fanta, zile za zamani zenye mifereji mwilini, anaikwaruza na kuigonga. Hiyo ndiyo ngoma yao, na watu walicheza mpaka kukacha.

Ukizidi kurudi nyuma utamkuta mpiga gita Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Hakuwa na studio huko, alikuwa na mashine ya kubeba tu. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka, na wapiga gita wa huku wakakaa chini kujifunza kuupiga kidole kwa kidole. Naye aliimba Kiswahili cha kwao, kisha akaja kuishi hapa Nairobi kwa muda. Kwa hiyo ukimsikia dada yako, unamsikia Bosco akipitia Kakamega mpaka Eastlands. Kama umepata nafasi Jumamosi moja, nenda Kenyatta Market kwenye santuri za zamani, uombe kusikilizishwa.

Namna ya kujifunza: mwezi mzima piga besi peke yake. Nyuzi za juu usiziguse. Piga huku unaongea na mtu. Siku utakapojibu salamu na gumba lisipotee, ndipo uongeze kidole cha pili. Wengi wanaanza na kidole cha shahada kwa sababu ndicho kitamu, halafu miaka kumi baadaye besi bado inachechemea.

Waya_Mrefu

Napingana na Mchanganya_Sauti. Nyuzi_Sita hajakosa studio, amekosa chumba chake mwenyewe ambamo anaweza kurudia wimbo mara arobaini bila mtu kuangalia saa. Bruce Springsteen, mwanamuziki wa Marekani, alirekodi albamu yake ya 1982, *Nebraska*, nyumbani kwake New Jersey, kwa mashine ya kaseti ya njia nne za sauti. Alikusudia iwe mfano tu wa kuonyesha bendi. Bendi ikajaribu, ikashindwa kuufikia ule upweke, na kaseti ndiyo iliyotoka.

Haya, chumba chako. Usinunue maiki ya kondensa. Watakusifia, na kweli ni nzuri, lakini itakuletea friji, matatu na mtoto wa jirani. Chukua mbili za dainamiki, zile wanazoshika wahubiri jukwaani. Hizo zinasikia kilicho karibu, cha mbali zinakisikia kwa shida. Hata za mtumba, mradi uzijaribu kabla ya kulipa. Moja iwe upana wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige puu. Ya pili ielekeze pale shingo ya gita inapokutana na tumbo. Usiielekeze kwenye tundu, hapo besi inavimba na kufunika kila kitu. Ongeza intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta, yenye matundu mawili ya maiki. Zungukia Luthuli Avenue kwanza, uliza bei maduka matano, usinunue la kwanza. Programu ya kurekodi isikusumbue, Audacity ni ya bure na inatosha kuanzia.

Kwenye programu chagua biti 24, na pale unapoimba kwa nguvu zaidi kipimo cha sauti kisipande juu ya desibeli -12. Usikimbizane na taa nyekundu, sauti ndogo itapandishwa baadaye lakini iliyopasuka haishoneki. Godoro lisimamishe nyuma yako, maana maiki inakutazama wewe na kilicho nyuma yako. Wengi wanalifunga nyuma ya maiki kisha wanashangaa mwangwi haujaisha. Tandika blanketi sakafuni.

Na siri moja ya Nairobi: stima ikikatika, rekodi. Friji zote zimenyamaza, redio zote zimenyamaza, ploti nzima inapumua. Kompyuta ya mapajani yenye betri inaendesha intafesi bila shida. Hata stima ikiwepo, chomoa chaja, maana ule mngurumo mzito wa chini, wa hezi 50, mara nyingi unaingilia huko.

Kiti_cha_Mbao

Usikae kwenye kiti cha plastiki. Kinalia kila ukipumua. Na uvue saa na bangili.

Mchanganya_Sauti

Waya_Mrefu, hiyo *Nebraska* unaisimulia nusu. Kuitoa ile kaseti na kuiweka kwenye santuri kuliwatoa mafundi jasho, kwa sababu ilirekodiwa kwa sauti ya chini na mashine haikuwa ya kazi hiyo. Nyuma ya huyo mtu wa chumbani kulikuwa na watu wenye masikio na vyombo. Nyuzi_Sita hana.

Lakini hoja ya kurudia mara arobaini nimeikubali, hiyo hakuna studio itakupa kwa bei yako. Basi fanya hivi: rekodi nyumbani, bakiza sehemu ya hela, kisha mpe mtu mmoja anayejua kazi akusawazishie sauti na kuimalizia. Umpe na zile nyimbo sita za yule dada, umwambie unataka ikae karibu na hapo.

Hakimiliki_Kwanza

Kuhusu ile studio ya mwaka jana. Maneno na tuni ni vyako tangu ulipoyaandika, na kule kurekodiwa hakukukunyang'anya. Rekodi yenyewe ina haki yake tofauti, na hapo ndipo watu wanapozozana kama hakuna maandishi. Usiwafuate faili zile, kwanza hata huzipendi. Rekodi upya. Halafu kasajili nyimbo zako kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ili uwe na karatasi mkononi siku mtu akileta maneno.

Na yule dada, kama nyimbo zake ziko Bandcamp, ule mtandao ambako wanamuziki wanauza nyimbo zao wenyewe, zinunue badala ya kurushiana. Wao wanakata asilimia 15 ya mauzo ya dijiti, ukitoa na ada ya malipo kinachobaki ni chake.

Nyuzi_Sita, Umoja

Nimerudi. Asanteni sana, nimeyasoma yote mara mbili, na ya Mzee nimeyaandika kwenye daftari.

Jumanne usiku stima ilikatika saa nne. Nikakumbuka. Sina maiki bado, kwa hiyo niliweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa kwa leso, nikazima mtandao, nikasimamisha godoro mgongoni, nikakaa kwenye kigoda. Mwanzoni nilishtuka, kumbe sijawahi kukisikia chumba changu kikiwa kimya. Niliimba wimbo wa mama mara saba. Mara ya sita ndiyo nzuri. Unasikia kucha yangu ikigusa ubao wa gita kabla ya kila ubeti, na mwishoni jirani anafungua mlango, anasimama, hauingii wala hautoki mguu. Aliniambia asubuhi kwamba alikuwa anasikiliza.

Nilimpigia mama kwenye simu. Safari hii hakuuliza ni nani anaimba. Aliuliza kwa nini ubeti wa tatu nimeuharakisha, na ni kweli, hapo gumba langu linakimbia. Mzee, nimeanza mwezi wa besi jana.

Uamuzi: Jumamosi nashuka Luthuli kutafuta maiki mbili na intafesi, na 10,000 sizigusi, ni za kumlipa mtu wa kusawazisha. Nyimbo za yule dada zipo Bandcamp, nimezinunua na nimemwandikia. Nilimuuliza jambo moja tu, kama ile mvua ilimkuta au aliingoja. Amejibu kwamba ilimkuta, akajaribu kurudia siku mbili mfululizo kukiwa kukavu, na hakuna iliyofika.

Waya_Mrefu, swali la mwisho: hizo dainamiki mbili nikiimba na kupiga kwa pamoja, sauti yangu haitaingia kwenye maiki ya gita?

Waya_Mrefu

Itaingia, na isikutishe. Iinamishe ya gita kidogo itazame chini, mdomo uwe mgongoni mwake. Kitakachobaki kiache, ndicho kitakachozifanya zisikike zimetoka kwa mtu mmoja.