Mbeleko, kibebeo au kigari: kipi kinafaa kwa mtoto wa Mji Mkongwe?

Mama_Mkunazini
Asalaam aleykum jamani. Arubaini yangu imekwisha wiki iliyopita, sasa nataka kutoka. Nakaa Mkunazini, ghorofa ya pili, ngazi za kizamani zilizosimama wima. Mama ananambia nimfunge mtoto kwa kanga. Wifi yangu aliyeko Dubai anataka kuniletea kigari. Mume wangu naye kaona kibebeo cha kifuani mtandaoni, moyo wake wote umekwenda huko. Safari zangu ni tatu: Darajani kwa miguu, kliniki, na kila Ijumaa kwa mama Bububu kwa daladala. Nisaidieni, ila anijibu aliyetumia, sio aliyeona picha.

Shangani_Juu
Kigari usikipokee. Mie nilinunua cha mtumba, alfu thamanini, na magurudumu yake madogo ya plastiki yanataka sakafu ya uwanja wa ndege. Kichochoroni unakutana na vespa, baiskeli, mkokoteni wa madafu na watalii waliosimama katikati wakipiga picha mlango. Wa kurudi nyuma mpaka kona ni wewe na kigari chako. Ukifika nyumbani unapandishaje? Mtoto mkono huu, kigari mkono ule, mfuko wa ndizi menoni. Siku hizi kinabeba madumu ya maji, na kazi hiyo kinaiweza.

Kombo_Wete
Mie ni baba wa watatu. Huku Pemba ni milima na mabonde, kigari ukikiachia mkono unakwenda kukiokota bondeni. Kibebeo nimekitumia kwa huyu wa tatu. Siku ya kwanza nilipopita barazani wazee waliacha bao wakanitazama. Mmoja akauliza, "Kombo, mama yake ana nini?" Wiki haijesha, mzee yule yule ndiye akinifungia kile kifungo cha mgongoni nisichokifikia.
Ubaya wake joto. Wakati wa kaskazi kifua changu na tumbo la mtoto vyote maji matupu. Ukinunua, tafuta chenye kitambaa cha wavu, na usome uzito, maana vingi vinaanzia kilo 3.5. Tena tazama pale anapokalia. Pakiwa pembamba, mtoto ananing'inia kama mbuzi aliyekwama uzioni.

Bi_Mkubwa_Jang'ombe
Mwanangu, hongera kwa kutoka arubaini. Nimebeba saba kwa mbeleko, wanne wangu na watatu wa binti yangu. Kanga mpya haimfungi mtoto. Ina wanga, inateleza. Chukua kuukuu, iliyofuliwa mpaka imelainika, hiyo inashika. Na haya mabaibui yenu ya siku hizi ni kama ngozi ya samaki changu, mtoto anashuka kidogo kidogo mpaka unamkuta kwenye makalio. Jifunge kanga moja kiunoni juu ya baibui, kisha ndo umtie mtoto kwa ya pili. Doti ina mbili kwa sababu.
Lakini huyo wako bado. Shingo haijakaza. Mpakate tu, mgongoni atakwenda akifika miezi mitatu, minne.

Mkunga_Mstaafu
Bi Mkubwa kasema kweli kuhusu shingo. Mie naongeza nyonga. Mtoto mchanga nyonga yake bado ni gegedu laini, kwa hiyo miguu isinyooshwe ikabanwa pamoja. Mapaja yatanuke, magoti yawe juu kuliko makalio, kama chura. Mbeleko ikifungwa vizuri inamkalisha hivyo yenyewe. Kibebeo kinamkalisha hivyo kama kitambaa kinafika mpaka nyuma ya magoti.
Kwa kifuani, uso wake uuone muda wote, na kidevu kisilale kifuani pake, maana njia yake ya hewa ni nyembamba. Na wenye vigari, nawaombeni msivifunike kwa kanga kuzuia jua. Ndani panakuwa tanuri na nyie mnadhani mtoto kalala raha.

Shangani_Juu
Kuna jambo halijasemwa. Mie nilijifungua kwa kupasuliwa. Mkanda wa kibebeo ulikaa pale pale kwenye kidonda, wiki ya saba nikakivua nikalia. Kanga niliifungia juu ya matiti, tumbo likapumua. Kama na wewe umepasuliwa, mwache baba avae.

Abiria_502
Kwa daladala ya Bububu: mtoto wa mgongoni lazima umfungue ndo ukae, na nyuma yako watu wanasukumana. Wa kifuani unakaa naye. Kigari konda anakitupa juu kwenye keria, kisha anakudai nauli yake.

Mama_Pacha_Kiembesamaki
Mnakisema kigari kama kimewaibia! Nina mapacha, barabara yangu ya lami, nyumba ya chini. Mgongo mmoja hauna nafasi ya wawili. Jioni nawasukuma, nanunua mkate njiani, narudi na wote wamelala. Mkunazini kweli hakifai, ila msiseme hakifai Unguja nzima.

Kombo_Wete
Pacha uko sawa, yamekwisha.

Mama_Mkunazini
Nimerudi na majibu. Nilipasuliwa, kwa hiyo Shangani kaniokoa. Kibebeo tumekiazima kwa jirani kwanza, magoti yanakaa kama alivyosema mkunga. Jumamosi baba mtoto kambeba mpaka Darajani, mie nyuma na kapu. Tulipofika kwa wauza samaki mtoto kalala, na baba mtu anabishana bei ya jodari kwa kunong'ona. Muuzaji naye akanong'ona. Tumepunguziwa alfu mbili.
Kanga ya mama iko kwenye beseni, naifua mara ya nne iishe wanga, itangoja shingo. Wifi nimemwambia aache kigari, alete feni ndogo ya kuchaji.

Bi_Mkubwa_Jang'ombe
Feni ya nini? Kipepeo cha jikoni hamna?