Wezi wa mashine ziwani: kununua bunduki ni kukosa imani?

Mwalo_Igombe ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naleta swali la mwaloni, huku ufukweni tunakoegesha mitumbwi. Naomba majibu ya watu wanaojua Maandiko na pia wanalijua Ziwa Victoria.

Kikundi kina mitumbwi 14, tisa ya dagaa na mitano ya sangara. Wezi wa mashine (injini za mitumbwi) wanakuja usiku na silaha, kule nje ambako simu haishiki mtandao. Kikao kimegawanyika. Wazee wa maombi wanataka mfungo wa siku 3 na kila mtumbwi upakwe mafuta. Wameshika Zaburi 127, kwamba Bwana asipoulinda mji, mlinzi anakesha bure. Vijana wanataka fedha za mfuko zinunue bunduki moja ya halali, izunguke kwa zamu. Wazee wanasema kushika silaha ni kumkana Mungu, vijana wanasema kuomba peke yake ni kujipeleka machinjioni. Kikundi kina Wakristo na Waislamu, kwa hiyo tusaidieni pande zote.

---

Mpima_Talanta amejibu:

Mleta mada, Biblia inao watu wawili waliosafiri kwenda Yerusalemu chini ya mfalme mmoja, Artashasta, na kila mmoja akaamua lake. Ezra alisafiri mwaka wa 7 wa mfalme huyo akiwa na watoto na mali nyingi. Aliona haya kuomba askari na wapanda farasi kwa sababu alishamwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao, kwa hiyo akatangaza mfungo penye mto Ahava (Ezra 8:21-23). Nehemia akaja mwaka wa 20, akapita na maakida wa jeshi na wapanda farasi (Nehemia 2:9), na hakuna mstari unaomlaumu. Basi mzee asimwambie kijana kwamba mwenye mlinzi amemkana Mungu, na kijana naye asimwone mzee mjinga.

Tatizo ni kwamba wengi wakisoma Ezra 8 wanafika kwenye mfungo wanafunga kitabu. Endeleeni mstari wa 24. Anachagua makuhani 12, anawapimia mali mbele ya macho yao: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu, na vyombo juu yake. Anawaagiza wavilinde mpaka vitakapopimwa tena Yerusalemu. Siku ya 4 baada ya kufika vinapimwa upya, na uzani wote unaandikwa. Huyo ndiye aliyekataa askari kwa ajili ya imani, na mizani haikumtoka mkononi. Sasa nawauliza wazee wa maombi, kwa heshima yote: daftari la kikundi lina namba ya kila mashine? Lina jina la nahodha, idadi ya watu waliotoka leo, upande walioelekea, saa wanayotarajiwa kurudi? Kama halina, mmechukua nusu ya Ezra.

Nehemia sura ya 4 nayo isomwe polepole. Mstari wa 9: waliomba, wakaweka walinzi usiku na mchana. Ukuta ulikuwa mrefu na watu wametawanyika, kama mitumbwi yenu inavyotawanyika. Kwa hiyo mpiga tarumbeta alikaa karibu na Nehemia (4:18), na kila mtu alijua kwamba ikilia, wote wanakimbilia inakolia (4:20). Zaburi 127 yenyewe haikumfukuza mlinzi kazini. Inasema kukesha kwake bila Bwana ni bure, na mlinzi bado yupo langoni.

Kuhusu upanga, wanafunzi walikuwa na mbili (Luka 22:38). Usiku uleule wanakuja watu na taa, mienge na silaha, Petro anachomoa, anamkata Malko sikio (Yohana 18:10), naye anaambiwa aurudishe alani. Petro alikuwa mvuvi. Vijana waangalie pigo lile lilikwenda wapi, gizani, katikati ya taa na vurugu.

---

Fundi_Kayenze amejibu:

Mimi naanzia hapohapo kwenye taa.

Mtumbwi wa dagaa unafanya kazi usiku wa giza na taa zikiwaka. Aliye ndani ya mwanga haoni mita 20 nje ya mwanga, ila aliye gizani anakuona mpaka rangi ya shati. Bunduki yako itaanza kumtafuta mwizi wakati mwizi keshakulenga. Pili, mtumbwi unayumba. Shotigani yenye chembe kubwa ina nguvu ya maana mita 30 hadi 40 ukiwa umesimama ardhini. Juu ya ubao unaopanda na kushuka, na watu wanne wameinama wanavuta nyavu mbele yako, chembe zile hazichagui. Tatu, miguuni una dumu la petroli la lita 20.

Halafu hesabu. Bunduki moja, mitumbwi 14. Usiku wowote mitumbwi 13 haina kitu, na huo mmoja unabeba mali ambayo mwizi anaitamani kuliko mashine. Habari ikisambaa kambini kwamba kikundi kina bunduki, ndiyo itakayofuatwa.

Na hiyo zamu haiwezekani kisheria. Kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kibali ni cha mtu kwa jina lake, kwa silaha yenye namba yake. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanapita kamati za ulinzi na usalama, yanaishia polisi. Ukimpa mwenzako aende nayo ziwani, wewe na yeye mna kesi. Gobole la kuchonga msiliwaze kabisa, halina kibali, na baruti yake ikila unyevu wa ziwa inaweza kugoma au kuchelewa kuwaka likiwa bado usoni kwako.

Kinachosaidia nakigawa sehemu mbili, maana watu wanachanganya wizi wa ufukweni na wizi wa majini.

Ufukweni mwizi anataka haraka na ukimya. Mashine ya nguvu farasi 15 watu wawili wanaibeba, kulegeza skrubu mbili za kubania hakufiki dakika. Kwa hiyo chonga bomba la chuma lenye mkato upande mmoja, lipite juu ya mikono ya skrubu zote mbili, lifungwe kufuli. Ongeza boliti mbili za kupenya bano na ubao, nati ziwe upande wa ndani. Kufuli ipakwe grisi, maana mchanga na maji huifanya igome, na mwenyewe ataikata kwa msumeno siku ana haraka, kisha asinunue nyingine. Mnyororo uliofungwa kwenye ubao uliooza ni kazi bure, ubao unang'oka na mnyororo wake.

Majini, mbele ya mtu mwenye bunduki, kufuli haikulindi. Hapo toa mashine. Ufunguo uwe umening'inia mahali pa wazi, asije akadhani unamficha akampiga mtu. Baada ya yeye kuondoka hatari inayobaki ni ziwa lenyewe: hamna mashine, upepo wa alfajiri unakuja, nyavu nusu zimo majini. Kila mtumbwi uwe na makasia mawili mazima (siyo moja na kipande cha ubao), boya la kila mtu likiwa mwilini, ndoo ya kutolea maji, tochi, na simu ndogo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili na kuchomekwa mahali mwizi hapekui. Mkisukumwa mkapata mtandao, pigeni 112.

---

Ustadhi_Kirumba amejibu:

Assalaam alaykum. Ndugu Mpima_Talanta amesema vizuri, na upande wetu haupingani naye.

Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas kwamba mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia na kutawakali (kumtegemea Mungu), au amwache na kutawakali. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Na katika Suratun Nisaa aya ya 102 kuna swala ya hofu: kundi moja linasimama kuswali likiwa na silaha zake, kundi jingine linalinda nyuma, kisha wanabadilishana. Swala haikuondoa ulinzi, na ulinzi haukuondoa swala hata pale adui yupo karibu.

Ila nawaomba vijana waangalie vita vya Uhud. Wapiga mishale 50 waliwekwa juu ya kilima na kuambiwa wasitoke. Walipoona ngawira wengi wao wakashuka, na adui akazunguka kwa nyuma. Silaha walikuwa nazo, kilichowashinda ni kutoka kwenye nafasi zao. Mwaka wa vita vya Handaki, 627, Madina ililindwa kwa shimo lililochimbwa kwa ushauri wa Salman al-Farisi. Kwa hiyo kwenye zamu ya kikundi, kanuni ya kwanza ni mtumbwi wa ulinzi usivue. Ukiona dagaa wamejaa kwenye taa za mwenzio, kaa hapohapo. Posho ya walinzi itoke kwenye mfuko, maana mtu asiyelipwa atashuka kilimani.

---

Ng'wana_Magu amejibu:

Usukumani na Unyamwezini jambo hili lina historia yake. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji, ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walikuwa na pinde na mishale, lakini kazi kubwa ilifanywa na mwano, yaani ukelele wa hatari. Ukisikika, kila kaya inatoa mtu, anaelekea unakotoka, na wanaojua njia wanawahi kuziba vivuko na mapito. Asiyetoka anatozwa. Hiyo ni tarumbeta ya Nehemia kwa Kisukuma.

Majini sauti ya mdomo haifiki, upepo unaila. Tumieni filimbi na taa pamoja. Tegeni kwa makundi ya mitumbwi minne au mitano, kila mmoja uone taa za mwenzake. Ishara iwe moja kwa wote: taa kubwa kuzimwa na kuwashwa mara tatu, na filimbi tatu ndefu. Mkiona ishara, kazi yenu ni kuzima taa zenu, kujikusanya, na mtumbwi ulio karibu zaidi na mtandao kukimbia kupiga simu. Msimfukuze mwizi.

Na mkimkamata, akabidhiwe polisi akiwa hai. Sheria ilipoitambua sungusungu mwaka 1989 haikuipa ruhusa ya kuua. "Wananchi wenye hasira kali" kwenye taarifa ya habari ni kesi ya mauaji mahakamani, na ni damu mbele za Mungu.

---

Binti_Shirati amejibu:

Shikamooni wazee wa humu. Kanisa la Mennonite lilianzia Shirati, pembeni mwa ziwa hilihili, mwaka 1934, na mafundisho yake tangu karne ya 16 Ulaya ni kutoshika silaha dhidi ya mtu. Naomba msiwachukulie wanaokataa bunduki kwa dhamiri kama watu wasiofikiri.

Mfano wao mkubwa unahusu maji. Mwaka 1569 huko Uholanzi, Dirk Willems alikuwa akikimbia mkamataji wake juu ya barafu. Barafu ikapasuka, mkamataji akazama. Dirk akarudi akamvuta. Alikamatwa hata hivyo, akachomwa moto. Alijua gharama yake.

Kabla ya kupiga kura, kikundi kijibu swali hili kwa sauti: mwizi akianguka majini na hajui kuogelea, mnamwokoa? Desturi ya ziwa ni kwamba anayezama anaokolewa kwanza, mengine baadaye. Mwenye silaha mkononi atajibu swali hilo kwa haraka na kwa hofu, ndiyo sababu lijibiwe mchana.

Jambo dogo la kuokoa maisha: mkimtambua mwizi, msimwite jina wala kumwangalia sana usoni. Akijua ametambuliwa, ana sababu ya kuua. Shikeni alama kichwani (sauti, kilema, rangi ya mtumbwi), mkaandikishe polisi.

---

Mwalo_Igombe:

Asanteni sana. Bunduki naona imejibiwa. Wazee wataniuliza kuhusu mafuta. Nawajibuje bila kuwavunjia heshima?

---

Mpima_Talanta:

Waambie mafuta ya Yakobo 5:14 ni ya mgonjwa, na mafuta ya Mwanzo 28:18 Yakobo aliyamimina juu ya jiwe kama kumbukumbu na nadhiri. Kwa maana hiyo ya pili, kuuweka mtumbwi wakfu hakuna ubaya. Ubaya unaingia pale kijana anapoambiwa risasi haitampata. Nchi hii ililipa sana kwa ahadi hiyo. Kinjikitile, wa vita vya Maji Maji, aliwapa watu maji mwaka 1905 kwamba risasi zitageuka maji, na bunduki za Wajerumani hazikugeuka. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, kiongozi wa waasi Alice Lakwena aliwapaka wapiganaji wake mafuta ya mti wa shea, akawaongoza mpaka Busoga, upande wa Jinja, na wakashindwa huko mwaka 1987. Watu wale waliamini kwa moyo wote. Mzee anayempenda mjukuu wake ampake mafuta, amwombee, halafu amfunge boya kwa mikono yake mwenyewe na kukaza mikanda.

---

Fundi_Kayenze:

Naongeza kuhusu lile daftari. Kibati cha namba kwenye bano mwizi anaking'oa kwa bisibisi. Mashine nyingi zina namba pia kwenye kifuniko kidogo cha duara kwenye bloku, andikeni na hiyo. Halafu gongeni alama ya kikundi kwa stempu za chuma sehemu mbili za siri, moja ndani ya bano. Msigonge kwenye nyumba ya gia kule chini, ni nyembamba, ikipata ufa oili inatoka na maji yanaingia. Pigeni picha alama zote, nakala ya daftari ikae BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) na nyingine kwa mtu asiyeenda ziwani.

Na filimbi nunueni za plastiki zisizo na kigololi ndani. Zenye kigololi zikilowa hukwama.