Je, ulimwengu huu ni programu ya kompyuta? Mimi nakataa, njooni mnipinge

Wakuu, hoja hii imezagaa, lakini wengi wanaoitaja huikata nusu. Naileta ilivyo.

Mwaka 2003 mwanafalsafa Nick Bostrom wa Oxford hakusema kwamba tumo ndani ya kompyuta. Alisema kati ya mambo matatu, angalau moja lazima liwe kweli. Ama karibu jamii zote zenye akili kama yetu hutoweka kabla ya kuwa na uwezo wa kuunda ulimwengu wa kuigiza wenye watu ndani. Ama hufikia uwezo huo lakini hazina haja nao. Ama huunda ulimwengu wa namna hiyo kwa wingi, na hapo walio ndani watawazidi mno walio nje, kwa hiyo sisi nasi yaelekea tumo ndani. Kisha mwaka 2016 Elon Musk akadai nafasi ya sisi kuwa nje ni moja kati ya mabilioni, na tangu hapo mambo mawili ya kwanza ni kama hayapo.

Kinachonikera ni dhana inayobeba mzigo wote: kwamba fahamu ni hesabu tu, na programu ikipangwa vizuri basi kuna mtu mle ndani anayeumia na kufurahi. Bostrom aliitaja waziwazi kuwa ni dhana. Wanaomnukuu huiruka. Mwanafalsafa John Searle alishasema kitambo, kompyuta ikiigiza mvua hakuna anayelowa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hatulowi sisi tulio nje. Aliye ndani ya programu analowa, na hana namna ya kujua kuna mvua nyingine. Mfano wa Searle unaangalia upande mmoja wa kioo.

Mleta mada:
"Analowa" ukishakubali kwamba yupo. Hilo ndilo tunalobishania, usilianzie kama limethibitishwa.

Mchangiaji wa pili:
Hayo ya fahamu hayaishi leo wala kesho. Twende kwenye vipimo. Mwaka 2012 wanafizikia Beane, Davoudi na Savage walipendekeza hivi: kama anga limegawanywa vijumba kama gridi, jinsi wao wenyewe wanavyofanya wakikokotoa nguvu zinazoshikilia kiini cha atomu, basi miale ya anga yenye nishati kubwa kabisa isingetufikia sawasawa kutoka pande zote. Ingefuata mielekeo ya gridi. Alama hiyo haijaonekana. Na mwaka 2009 Fermi, darubini iliyoko angani, ilinasa mwanga wa mlipuko wa nyota uliosafiri zaidi ya miaka bilioni 7. Miale yenye nishati zilizotofautiana mno ilifika ikipishana kwa sekunde moja hivi tu. Vijumba vikubwa vingeichelewesha kwa viwango tofauti. Kwa hiyo kama anga lina vijumba, basi ni vidogo ajabu.

Mchangiaji wa kwanza:
Au mtengenezaji ni fundi kuliko tunavyodhani!

Mleta mada:
Hapo ndipo ninapochoka. Gridi ikionekana, mmeshinda; isipoonekana, fundi ni hodari. Sasa kipimo kina kazi gani? Halafu gharama: kufuatilia kikamilifu chembe 300 za kikwanta (za fizikia ya vitu vidogo mno) zenye hali mbili mbili kunahitaji namba ambazo idadi yake ni 2 kwa kipeo cha 300. Ni nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu unaoonekana.

Mchangiaji wa kwanza:
Kwa kompyuta zetu, sawa. Nani kakwambia za huko nje zinafuata fizikia yetu?

Mleta mada:
Basi umekata tawi ulilokalia. Bostrom alipiga hesabu yake kutokana na fizikia hii hii na uwezo wa kompyuta tunaoujua. Ukisema huko nje sheria ni nyingine, umejuaje kwamba huko kuna kompyuta, achilia mbali kwamba ni nyingi?