Vumbi la krasha na vumbi la mbao, lipi baya zaidi? Naombeni ushauri

Mlisha_Krasha
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 31, mwaka wa sita huu nalisha mawe kwenye krasha (mashine ya kusaga kokoto) maeneo ya Lugoba. Asubuhi nikikohoa makohozi yanatoka rangi ya udongo, na nikibeba ndoo mbili za maji tu nahema kama mzee. Shemeji yangu ana karakana ya fenicha Keko, ananiita nikapige randa na msasa kwa elfu 10 kwa siku, huku napata elfu 15. Sasa nilivyoenda kuangalia pale nikakuta vumbi limejaa mpaka kwenye nyusi za watu, nikasema si ndo naruka majivu nakanyaga moto? Maana huku kwetu kuna siku huoni kabisa vumbi. Mama watoto yeye anataka niende mashine ya kusaga, eti unga ni chakula hauwezi kudhuru. Huku bosi anatupa paketi ya maziwa kila siku, ya kusafisha kifua. Naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni.

mwanaapolo mstaafu
Dogo usipime vumbi kwa macho. Nimekaa machimbo ya Mererani miaka tisa, tulikuwa tunachoronga mwamba mkavu bila maji, ukiwasha tochi ya kichwani ndo unaliona linaelea kwenye mwanga, ukizima unadhani hewa safi. Lile la kwenye nyusi ni kubwa, mengi yanaishia puani unapenga yanatoka. Linalomaliza watu ni lile dogo linashuka mpaka chini kabisa na halitoki. Mwenzangu wa shimo moja alimeza dawa za TB mara mbili, kifua kiko vilevile, kufika hospitali ya Kibong'oto ndo akaambiwa mapafu yameota makovu ya vumbi la mawe na makovu hayo hayana dawa.

Bibi Karanga
Maziwa yanaenda tumboni jamani 😂 mapafu yana njia yake. Mnyweshe bosi.

kofia_ngumu
Niko kwenye mambo ya usalama kazini. Mkuu unalinganisha wingi wakati ishu ni aina. Mawe magumu kama hayo yana kwatzi, madini ambayo ndo silika yenyewe, hiyo inayoleta makovu ya mapafu, sio kama chokaa ya matumbawe ya Kunduchi. Marekani tangu 2016 kikomo cha silika ni miligramu 0.05 kwenye mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8, wakati vumbi la mbao ngumu Ulaya ni miligramu 2. Vipimo havichukuliwi sawasawa, la silika wanapima lile dogo tu, ila picha umeipata. Mbao nayo sio salama, ukiivuta miaka mingi inaleta kansa ya pua, na wengine inawapa pumu. Na mama watoto mwambie unga unaleta pumu vizuri tu, waulize waoka mikate.
Mimi ningeenda Keko, nivae barakoa ya N95, ile ya kuchuja vumbi dogo, inayobana uso, sio kitambaa, na msasa wa mashine nipigie nje.

Mlisha_Krasha
Daah. Kwa hiyo niache kesho?

kofia_ngumu
Usiondoke kimyakimya. Kwanza pima makohozi, maana silika na TB ni marafiki, halafu picha ya kifua na kile kipimo cha kupuliza cha kuona nguvu ya mapafu. Sheria ya usalama kazini ya 2003 inamtaka mwajiri akupime unapoanza, ukiwa kazini na unapotoka. Ukikutwa na shida itokanayo na kazi kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ila bila karatasi utaanzia wapi? Na silika inaweza kuendelea kukutafuna hata ukishahama, kwa hiyo kila mwaka rudi upige picha.

mwanaapolo mstaafu
Na daktari mwambie kazi yako, usiseme "kikohozi" tu ukapewa amoksili ukarudi nyumbani. Hivi hapo krasha hamna hata maji ya kumwagia mawe?

Mlisha_Krasha
Mpira wa maji upo mkuu. Unaoshea gari la bosi.