Tungule (nyanya) za darini, Lamu: maua yapukutika, matunda yaoza kitako. Nifanyeje?

Umm Nuru (Langoni, Lamu)

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wanaojua tungule hasa. Nina bustani ndogo darini, juu ya paa la nyumba: ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, mbegu ni tungule aina ya Cal J. Mchanga nimeuchanganya na samadi ya punda, maana hapa mjini hiyo haikosekani. Miche ilishika vizuri, mashina manene, majani yana rangi.

Tabu ni mbili. Ya kwanza ni maua. Yakifunguka tu, kikonyo chageuka njano pale kwenye kifundo, ukiligusa ua laanguka mkononi. Ya pili ni machache yanayofika kuwa tunda. Likifika ukubwa wa ndimu, upande wa chini hutokea doa la majimaji, kisha doa lawa jeusi, bapa na gumu kama ngozi. Juu tunda ni zima kabisa. Nimeyapasua nikatazama, hamna funza wala tundu.

Jirani aniambia nitie chokaa, mwengine asema maganda ya mayai. Kabla sijatia kitu nauliza. Tungule zinazovuka kutoka bara, Mokowe, zikiadimika bei hupanda, na mimi nataka mchuzi wa nyumba yangu utokane na dari yangu.

BabaFatma

Wa alaykum salaam Umm Nuru. Huo ni upungufu wa kalsiamu. Jirani yako kasema kweli, tia chokaa kiasi cha mkono kwenye kila ndoo, mwagia maji, utaona tofauti.

Mtunza Bustani wa Shela

Ami BabaFatma, ugonjwa umeutaja sawa, ila hiyo dawa naomba Umm Nuru asiitie kwanza. Mchanga wetu wa Lamu umejaa chembe za matumbawe na makombe, na hiyo ni chokaa tupu. Kalsiamu imo tele. Ukiongeza chokaa juu ya chokaa, mchanga wazidi alkali na mmea washindwa kufyonza madini ya chuma. Hapo majani machanga yatakuwa njano, mishipa ikabaki kijani, utakuwa umeongeza tabu ya tatu.

Kalsiamu husafiri ndani ya mmea kwa maji peke yake. Maji yakikatika, haifiki. Na majani ndiyo yanayovuta maji kwa nguvu, tunda huambulia mabaki, na kitako cha tunda ndiko mwisho wa safari. Ndiyo maana doa huanzia huko.

Dadangu, nijibu mawili: watilia maji gani, na watilia vipi?

Umm Nuru

Maji ni ya kisima cha nyumba. Ya kuogea na kufulia, kunywa hatunywi, yana chumvi kidogo, na kaskazi ikikolea huzidi. Natilia jioni. Siku ya shughuli au harusi hupita bila maji, kesho yake nikikuta miche imelegea naipa mengi. Na sasa umenitia shaka: kwenye ukingo wa ndoo, juu ya mchanga, pana ukoko mweupe. Nilidhani ni ukungu.

Mtunza Bustani wa Shela

Lambe kidogo huo ukoko kwa ncha ya kidole. Ukiwa wa chumvi, tumeshampata mwizi.

Ndoo si shamba. Shambani mvua hushusha chumvi chini mbali na mizizi. Kwenye ndoo maji huruka kwa jua na upepo, chumvi hubaki, na kila jioni waongeza nyingine. Mchanga ukishakuwa na chumvi, mzizi hauwezi kunywa hata kama umelowa. Wewe waona ndoo ina maji, mche una kiu.

Vipimo vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, vyasema mtungule huanza kupunguza mazao maji ya kumwagilia yakizidi desisimensi 1.7 kwa mita (chumvi hupimwa kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme), ambayo ni karibu miligramu 1,100 za chumvi kwa lita. Yakifika 5, mavuno huwa nusu. Vijimita vya kupimia vipo, vinatiwa mfukoni, na mwenye kisima akinunua kimoja hajapoteza. Bila mita, ulimi wako watosha: ukiisikia chumvi waziwazi, usimpe mtungule maji hayo peke yake.

Sasa kazi. Tafuta maji matamu ya kusafishia. Ukiwa na jabia (birika la kuwekea maji) au pipa la maji ya mvua, hayo ndiyo bora. Mimina polepole ndoo moja moja mpaka yatoke chini kwa wingi, ngoja kidogo, rudia. Chumvi itoke na maji. Hakikisha matundu ya chini hayajazibana, na ndoo zisikae bapa juu ya sakafu, zipandishe juu ya vipande vya mawe.

Baada ya hapo changanya: nusu ya kisima, nusu matamu, au matamu matupu ukiyaweza. Tilia asubuhi mapema, na jua likiwa kali rudia jioni. Kiasi kiwe kilekile kila siku, na kila mara maji kidogo yatoke chini. Siku ya harusi mwachie mtoto kazi hiyo. Kukauka leo na kufurika kesho ndiko kunakoozesha kitako hata kwa maji matamu.

Na funika mchanga. Majani makavu, makuti yaliyokatwakatwa, makumbi ya nazi. Ila makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa maji ya bahari, usiyatie kabla hujayaroweka na kuyasuuza mara kadhaa kwa maji matamu. Nimeona mtu akiua miche kwa jambo hili, naye adhani ni ugonjwa.

Samadi ya punda ni nzuri sana, ila iwe imeoza hasa: haina harufu, haina joto ukitia mkono, na huoni tena nyasi zilizokatika. Ile ya kukwangua bandani imechanganyika na mkojo, ina chumvi yake. Na mbichi humpa mche majani mengi, tunda likakosa.

Mkulima_Mpeketoni

Naunga mkono Shela kuhusu maji. Mimi niongeze la maua.

Mama Nuru, hukutaja umepanda mwezi gani, lakini kama maua yametoka kati ya Januari na Aprili, hilo ni joto. Nyanya hutaka mchana usiozidi nyuzi 32 hivi na usiku ushuke karibu na 21. Usiku ukibaki moto, chavua hudhoofika, ua halishiki, linajiangukia. Na dari ya mawe hutoa joto la mchana usiku kucha, miche yako inalala juu ya jiko.

Panga upya kalenda. Sia mbegu mwezi wa tano, mahali pasipopigwa na mvua. Mvua kubwa na majani ya nyanya hawapatani, ukungu huingia mara moja. Hamisha miche ikiwa na wiki nne mpaka sita. Maua yatakukuta Julai na Agosti, kusi ikivuma, na huo ndio wakati wa afadhali pwani. Ila kusi yenyewe ina nguvu na darini inakuja na chumvi ya bahari, kwa hiyo simamisha ukuta wa makuti upande wa kusini. Juu weka kivuli chepesi cha saa sita mpaka saa tisa. Usifunike kabisa, nyanya bila jua haizai.

Na ulizia duka la mbegu aina zinazostahimili joto. Nyanya ndogo ndogo za vishada hushika tunda kwenye joto kuliko hizi kubwa. Maua yakifunguka, asubuhi ya saa tatu au saa nne gonga kikonyo kwa kidole taratibu. Chavua idondoke ndani ya ua lenyewe, hauhitaji nyuki wa kuileta.

Bint Mambrui

Samahani Umm Nuru kuingilia uzi wako. Mimi niko Mambrui, zangu ziko ardhini. Mche wanyauka ghafla, majani yangali kijani, baada ya siku chache umekufa. Maji natilia. Ni chumvi pia?

Mkulima_Mpeketoni

Pole dada. Chumvi huunguza kingo za majani polepole, haiui ghafla. Kata shina karibu na ardhi, tumbukiza kipande ndani ya glasi ya maji safi, ukishike kisitikisike. Ukiona ute mweupe unashuka kutoka kwenye mkato, hiyo ni mnyauko wa bakteria. Dawa hakuna, usimpe mtu pesa yako. Ng'oa na mizizi, choma, osha jembe, na hapo usipande nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au mtama. Kama ute hautoki, angalia mizizi: ukikuta vinundu, ni minyoo fundo, na mchanga wa pwani wanaupenda.

Umm Nuru

Nimelamba ule ukoko. Ni chumvi tupu. BabaFatma usinikasirikie, chokaa naiacha. Jabia la nyumba ya mama lina maji, nitaomba. Swali la mwisho: haya yaliyokwisha oza kitako niyaache yaive?

BabaFatma

Sikasiriki, nami nimepata faida. Nina miche yangu miwili yenye ukoko huohuo.

Mtunza Bustani wa Shela

Yatungue. Doa halirudi nyuma, na tunda hilo lanyonya maji ambayo changa yangeyatumia. Yakiwa yameanza kuiva, kata kitako utupe, sehemu nzima yalika, tia mchuzini leo leo, usiweke. Kisha tazama matunda yatakayoshika baada ya kusafisha ndoo, hayo ndiyo ya kupimia kama maji yamekaa sawa. Ya sasa yameshaumbika na kasoro yao. Na usinyunyize dawa yoyote kwa jambo hili, si mdudu wala si ukungu.

Umm Nuru

Jazakumullahu kheri nyote. Nateremka kutafuta mapipa.