"Ni sumu inatoka, ongeza dozi": mafuta ya ubani na manemane yamemuunguza mdogo wangu uso kabla ya harusi

Wakuu, uzi mrefu huu, nivumilieni. Nina hasira na sitaki kuificha.

Mdogo wangu kaolewa Jumamosi iliyopita, na kwenye picha zote kainamisha uso. Watu wanasema ni haya za bi harusi. Si haya. Mashavu yamebabuka kuanzia chini ya macho mpaka kwenye taya. Mpambaji alihangaika naye saa tatu nzima, kila poda anayoweka inatoka na magamba ya ngozi. Na aliyetufikisha hapo bado anaamka kila asubuhi kutangaza biashara yake kama vile hakuna kilichotokea.

Wiki tatu kabla ya harusi tulinunua chupa mbili kwa dada mmoja anayeuza vipodozi vya asili mtandaoni, hapa hapa Dar. Moja mafuta, mililita 30, imebandikwa karatasi "Mafuta Safi ya Ubani 100%". Nyingine maji, "Tona ya Ubani na Manemane". Elfu sitini na tano zote mbili. Maelekezo alituma kwa sauti WhatsApp, ninayo mpaka leo: matone matano ya mafuta usoni asubuhi na usiku, usichanganye na kitu, usinawe. Tangazo lake linaanza na Malkia Esta, kwamba mabinti walipakwa mafuta ya manemane miezi sita kabla ya kuingia kwa mfalme. Bi harusi gani ataacha kununua?

Siku ya tatu uso ukaanza kuwasha na kupata moto. Tukaupiga picha, tukamtumia muuzaji. Jibu lake: "Kipenzi usiogope, hiyo ni sumu inatoka kwenye ngozi, ongeza dozi itoke yote." Mdogo wangu akaongeza, matone saba. Siku ya sita asubuhi kaja chumbani kwangu macho hayafunguki, kope zimevimba, na mashavu yanatoa majimaji yanayoganda kama gundi. Nikatuma picha tena. Tiki mbili za bluu, kimya. Jioni nikajaribu kupiga, kumbe kashanibloku.

Hilo la "sumu inatoka" ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Mtu kuuza bidhaa mbovu ni jambo moja. Mtu kuambiwa kwamba binti anaungua, akajibu aongeze, hilo ni jambo jingine kabisa.

Daktari wa ngozi alipoiona chupa hakuhitaji maelezo mengi. Aliifungua, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Ubani nimekua nao, harufu yake naijua hata usingizini. Hii ilikuwa kali, inachoma pua, kama tapentaini ya mafundi wa rangi. Akaniuliza chupa ilikuwa inakaa wapi. Nikakumbuka video za yule dada: rafu ya kioo, chupa nyeupe zinazopitisha mwanga, zimepangwa mbele ya dirisha, jua linawaka juu yake, na yeye anasema "tazameni yanavyong'aa".

Daktari akanieleza hivi. Mafuta yanayotolewa kwenye ubani kwa mvuke yamejaa vitu vyepesi vinavyoruka haraka, kama painini na limonini. Limonini ndiyo ile ile ya maganda ya machungwa. Ikiwa mpya haina ukorofi mkubwa, lakini ikikaa na hewa na mwanga inaharibika, na kile inachogeuka ndicho kinachowapa watu mzio. Ndiyo maana mafuta haya yanawekwa kwenye chupa ya rangi nzito, mahali pa baridi, kifuniko kimekaza, na chupa inaandikwa tarehe. Yetu haikuwa na tarehe, haikuwa na namba ya toleo wala jina la mti. Ulaya limonini ikizidi asilimia 0.001 kwenye kipodozi kinachobaki ngozini, ni lazima iandikwe kwenye lebo. Sisi tumeandikiwa "Safi 100%" na picha ya mti.

Sasa njooni kwenye kipimo, maana hapa ndipo nilipokaa chini nikalia. Kwa uso, mafuta ya aina hii huchanganywa na mafuta ya kawaida, ya nazi au ya ufuta, yasizidi asilimia moja. Pigeni hesabu: kwenye chupa nzima ya mililita 30 za mafuta ya nazi ni matone kama sita tu. Chupa nzima! Chupa ambayo mtu ataitumia mwezi na zaidi. Mdogo wangu alikuwa anapaka saba kwa mpigo, makavu, mara mbili kwa siku.

Najua wapo watakaokuja hapa kuniambia ubani ni dawa tangu enzi za mababu, eti mimi ni mtumwa wa vipodozi vya kizungu. Wasinianze. Bibi yangu mzaa mama alikuwa somo, yaani kungwi, Unguja, mabinti wengi wamepita mikononi mwake. Ubani alikuwa anauchagua punje kwa punje kwenye ungo, anainua moja moja kwenye mwanga, zenye maganda ya mti anatenga. Ulikuwa unaingia kwenye chetezo, nguo zinafukizwa, nywele zinafukizwa, nyumba nzima inanukia. Manemane ilikuwa kwa kusukutua jino likiuma, na ule uchungu wake sijausahau. Lakini siku ya kumsinga bi harusi alichukua liwa, waridi, asumini, na karafuu kidogo sana, akatwanga, akalowesha kwa marashi. Na kabla ya kugusa uso wa mwali alimpaka kwanza nyuma ya sikio, akasubiri mpaka kesho yake. Hakusoma hata darasa la nne. Alisubiri mpaka kesho yake!

Na huyo Malkia Esta mumwache. Mafuta ya manemane ya zamani zile yalikuwa utomvu uliolowekwa kwenye mafuta ya kawaida ya mimea. Hayakuwa haya ya mvuke, makali, ambayo tone moja linatosha kunukisha chumba.

Kuhusu ile tona. Ubani una gundi na una utomvu. Gundi ndiyo inayoyeyuka kwenye maji na kushikilia chembe ndogo za utomvu, ndipo unapoonekana ule weupe wa maziwa tunaoushangilia. Utomvu wenyewe kwenye maji hauyeyuki hivyo, unataka spiriti au mafuta. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa mnauziwa maji ya gundi. Na maji ya gundi bila kihifadhi ni uji wa vijidudu. Siku ya tisa niliinua chupa kwenye taa nikaona vinyuzi vyeupe vinaelea, kama pamba iliyochambuliwa. Huo ni ukungu, na mdogo wangu alikuwa anaujaza kwenye pamba na kujifutia mashavu yaliyokwisha chubuka. Ukiloweka mwenyewe nyumbani usiku ukatumia asubuhi, haya, ni shauri lako. Lakini kuyafunga kwenye chupa, kuyaweka rafuni wiki tatu na kumuuzia mtu elfu ishirini, huo ni wizi wa mchana kweupe.

Kuna uongo mwingine naomba dada zangu mwufahamu, kwa sababu uko kwenye matangazo ya wengi, si huyu peke yake. Wanasema mafuta haya "yana asidi za boswelia" zinazotuliza uvimbe na kuondoa mikunjo. Asidi hizo zipo kweli kwenye utomvu wa ubani. Mwaka 2010 kuna utafiti uliotoka wa krimu yenye asidi hizo asilimia 0.5, wanawake wakipaka nusu ya uso, na nusu hiyo ngozi ilionekana kuwa nzuri zaidi. Sikatai. Lakini asidi hizo ni nzito, hazipandi na mvuke. Ukichemsha ubani ukakusanya mafuta, zenyewe zinabaki chini kwenye sufuria pamoja na makapi. Kwa hiyo anayekuuzia mafuta ya mvuke kwa jina la asidi za boswelia anakuuzia kitu ambacho hakimo kwenye chupa. Ama hajui anachouza, ama anajua. Sijui lipi ni baya zaidi.

Halafu ule ubani wenyewe ni upi? Nilimuuliza siku ya kwanza, akasema "ubani maka, original". Ubani maka ni jina la sokoni, halikuambii mti. Upo wa Dhofar kule Oman, ule unaoitwa hojari ambao bibi aliletewa na jamaa zake. Upo wa Somalia, unaoota mpaka kwenye majabali, na Wasomali wana aina zao mbili tofauti kabisa. Upo wa Ethiopia, Eritrea na Sudan. Upo wa India. Mafuta yake hayafanani, kila mti na vitu vyake. Manemane nayo hivyo hivyo: kaskazini mwa Kenya, Wajir, Mandera mpaka Marsabit, wafugaji wanaokusanya manemane wanakusanya pia hagari, utomvu wa mti wa ukoo huo huo, na macho yasiyozoea hayatofautishi. Ukishasaga ndiyo basi.

Na hii inaniuma kwa sababu nyingine. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba ule mti wa Ethiopia na Sudan, zaidi ya robo tatu ya misitu waliyoikagua haina miti michanga, na ubani wake unaweza kupungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Mti unachanjwa mno, mifugo inakula miche, moto unapita. Mtu kapanda jabali juani akakwangua gome, akasubiri siku kadhaa chozi la utomvu likauke, akalipwa kidogo, ili huku Dar mtu alianike dirishani mpaka ligeuke tapentaini.

Bado sijamaliza. Siku mbili baada ya harusi kaka yetu alimtafuta yule dada kwa namba nyingine, akijifanya mteja mwenye madoa. Unajua huyo muuzaji alimjibu nini? Anayo "krimu ya kung'arisha" ya kuondoa madoa kwa siku saba, kwenye kikopo kisicho na lebo. Kikopo kisicho na lebo! Huko ndiko zinakopita haidrokwinoni na zebaki, kemikali za kung'arisha ngozi zilizopigwa marufuku, na wengine wanachanganya steroidi. Yaani anakuunguza kwa mkono mmoja, anakuuzia dawa ya kuunguzwa kwa mkono mwingine.

Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Chupa zote mbili ninazo, nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na risiti ya M-Pesa, sauti zake za WhatsApp nimezihifadhi, na karatasi ya daktari ninayo. Jumatatu nazipeleka. Daktari kasema uvimbe utakwisha, lakini alama nyeusi kwenye ngozi yetu hii zinachukua miezi kufifia. Mdogo wangu yuko fungate na kaomba taa za chumbani zizimwe mapema.

Sitaji jina la mtu hapa mpaka suala lifike linakopaswa kufika, kwa hiyo msinisumbue inboksi kuuliza ni nani. Ninachotaka ni hiki: kama una chupa nyeupe ya mililita 30, karatasi ya kijani, mti umechorwa umeinamia kushoto, kifuniko cha dhahabu, usipake. Nusa kwanza. Ikikuchoma pua, iweke pembeni, usiitupe. Na kama na wewe uliambiwa "ni sumu inatoka", niandikie hapa hapa chini ulinunua mwezi gani, tuzipeleke kwa pamoja.