Naomba ushauri: tui na papa kwa mwenye sukari na presha

Wapishi wa Tanga, naomba ushauri wa mlo wa mtu mzima mwenye kisukari na presha. Mgawanyo wa sahani unaeleweka: nusu mboga za majani, robo samaki au kunde, robo wanga. Ila muhogo wa nazi, hata ukiwa na mchuzi, unahesabika kwenye robo ya wanga pamoja na wali. Wengi huula kama kitoweo, na sukari inapanda.

Mtihani ni papa mkavu. Chumvi ya siku isizidi gramu 5, takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya samaki. Kumloweka usiku kucha na kubadilisha maji kunapunguza, hakumalizi. Mnamfanyaje zaidi, au ahamie vibua wabichi tu?

Tui zito lina mafuta mengi yanayoganda. Mchicha ukipikwa kwa tui la pili peke yake unapooza. Ndimu na tangawizi vinatosha kuurudishia ladha?

Chungwa la Muheza atakula zima, moja. Juisi hapana, hata isiyotiwa sukari.